Kufufua ekseli ya mbele na stelingi ya Land Cruiser 75: mwongozo kamili

Usukani wa Land Cruiser 75 ukianza kutikisika gari likifika kilomita 60 au 70 kwa saa, ushauri wa kwanza utakaoupata karibu kila gereji ni kubadilisha dampa ya stelingi. Dampa mpya inafungwa, gari linatulia kwa muda, kisha mtikisiko unarudi na safari hii unakuja kwa nguvu zaidi. Dampa haikuwa na kosa lolote. Kazi yake ni kupunguza mishtuko inayopanda kutoka barabarani, wala haikutengenezwa ili ishikilie vitu vilivyolegea. Gari ambalo beringi, bushi na fimbo zake za mbele ni nzima, hata ukiivua dampa bado litanyooka kwenye lami. Kwa hiyo dampa iwe kitu cha mwisho kwenye orodha yako ya manunuzi.

Mwongozo huu ni wa gari za 75 zenye ekseli nzima mbele iliyokalia springi za majani, hasa HZJ75 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Mwaka 1999 Toyota walihamia springi za koili mbele, zikaja 78 na 79. Mwenye gari hizo atafaidika na maelezo ya nako na beringi, ila sura ya springi airuke. Hilux LN106 nayo ina ekseli nzima na majani mbele, na kazi yake haina tofauti kubwa, ingawa baadhi ya spea haziingiliani.

Kazi yote, pande mbili, kwa mtu mwenye zana kamili na msaidizi mmoja, ipe siku mbili nzima. Anayekuahidi kumaliza kabla ya saa sita mchana ujue kuna hatua ataziruka, na mara nyingi zitakuwa zile za mizani.

Kinachochakaa na kwa nini

Kila mwisho wa ekseli ya mbele una tufe kubwa la chuma. Juu ya tufe hilo imevikwa nako, yaani ile nyumba inayogeuka pamoja na gurudumu unapokata kona. Nako inashikwa na beringi mbili ndogo za kingipini, moja juu na moja chini, hivyo gari zima lina nne. Beringi hizi hazizunguki mzunguko kamili hata mara moja maishani mwake. Zinakwenda na kurudi nyuzi chache tu, na muda mwingi zimetulia palepale gari likiwa limenyooka, huku barabara mbovu ikizigonga. Rola zinachimba vijistari kwenye kikombe. Ukifika hapo, usukani unakuwa kama una shimo katikati, unauhisi unaangukia mahali fulani na kukataa kutoka kwa ulaini. Na beringi zikishalegea, magurudumu mawili yanaanza kupigana, tuta moja dogo linatosha kuanzisha mtikisiko ambao hautaisha mpaka usimame.

Ndani ya nako inapita shafti yenye jointi ya CV, ile inayozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, imelala kwenye grisi nzito. Nyuma yake kuna oili sili inayozuia oili ya difu, yaani nyumba ya gia iliyo kwenye ekseli, isiingie humo. Sili hiyo ikifa, oili inapita, inachanganyika na grisi na kuwa uji mweusi, na uji huo unachuruzika kwenye tufe hadi nyuma ya rimu. Ukiona tufe limelowa na vumbi limegandamana juu yake, usiridhike na kupanguswa kwa kitambaa. Beringi ya kingipini ya chini inaogelea humo, na oili nyepesi imeshaiondolea grisi yake.

Zaidi ya hapo kuna tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) na endi zake, pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi ya stelingi), draglinki (fimbo inayotoka pitimani kuelekea magurudumu), boksi ya stelingi yenyewe, bushi za springi, shakeli (vibao vinavyoshika mwisho wa springi), yubolti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na beringi za gurudumu. Vyote vinaweza kutoa dalili zinazofanana, na ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Pima kabla ya kwenda dukani

Gari likiwa chini, magurudumu yamenyooka, mwambie msaidizi aukate usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, kwa haraka, bila kuuzungusha sana. Wewe ingia chini na uweke kiganja juu ya kila jointi moja baada ya nyingine: pitimani, draglinki, endi zote za tairodi. Jicho hudanganywa, lakini kiganja kitahisi upande mmoja wa jointi ukitangulia na mwingine ukichelewa. Angalia pia boksi yenyewe. Ikiwa inasogea kwenye chesisi, kaza boliti zake na usafishe chesisi pale ilipofungwa kwa brashi ya waya kisha uimulike kwa tochi, maana nyufa huanzia hapo na huwa zimefichwa na tope.

Sasa inua ekseli, uweke stendi pande zote mbili, na uzuie magurudumu ya nyuma. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu na urudie. Plei, yaani huko kucheza, ikipotea, tatizo ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imeshaunganisha diski na nako. Plei ikibaki vilevile, ni beringi za kingipini. Jaribio hili halichukui dakika mbili na linakuokoa kununua vitu ambavyo havijafa.

Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Plei ya upande huu ambayo haikuwepo juu na chini inatoka kwenye tairodi.

Bado uko chini ya gari, tumia mtaimbo kusukuma springi upande karibu na pini zake. Bushi iliyokwisha utaiona: mpira umetoka nje, au pini inagusa chuma. Gari lenye bushi mbovu halitikisiki sana, ila linatangatanga. Unakata usukani, ekseli inasogea kwanza upande, ndipo gari linageuka.

Mwisho, pima kwa futi ya kamba umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto, magurudumu yakiwa yamenyooka. Pikapu ya 75 ina milimita 2980. Pande zikipishana kwa sentimita nzima au zaidi, kuna uwezekano mkubwa sentabolti, boliti inayopita katikati ya majani ya springi, imekatika na ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Hakuna alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, itakayonyoosha gari la namna hiyo.

Spea na zana

Kwa kazi kamili ya nako, nunua seti ya matengenezo (kit) ya kila upande: sili za ndani, gasketi, seti ya mpira na kitambaa kinachopangusa tufe, na sili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ongeza beringi nne za kingipini, beringi za gurudumu kama zimeonyesha plei au kelele, na bati jipya la kufungia nati za habu. Kwenye beringi za kingipini usibane fedha. Koyo, NSK na NTN ni majina ya Kijapani yanayotegemewa, lakini boksi zake zinaigwa sana, iwe unanunua Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi. Itoe beringi kwenye karatasi yake, usome maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, na uzungushe rola kwa kidole. Maandishi yaliyopakwa wino yanayofutika, au rola zinazokwaruza zikiwa mpya, rudisha kaunta.

Tairodi endi hununuliwa jozi, na moja ina nyuzi za kinyume. Muuzaji akikupa mbili zinazofanana, utajua umekosea ukiwa chini ya gari.

Grisi ziwe aina mbili. Ya ndani ya nako na CV iwe yenye molibdenamu, daraja la NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi). Ya beringi za gurudumu iwe grisi ya lithiamu ya kawaida, daraja hilohilo. Oili ya difu ni SAE 90 ya GL-5.

Zana ambazo hazipo kwenye kila sanduku ni soketi ya milimita 54 ya nati za habu, patasi au kipande cha shaba cha kugongea, koleo la saklipu (pete ndogo ya kufungia), spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, na mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ya kilo kumi hivi wanayopimia wauza samaki. Hiyo soketi ya 54 isikushinde. Habu nyingi zimekufa kwa sababu nati zilikazwa kwa patasi na nyundo, na utazijua kwa kingo zake zilizotafunwa.

Kushusha

Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uende wa pili, ili kila wakati uwe na upande mzima wa kutazamia. Mwaga oili ya difu ya mbele kwanza. Ikitoka na rangi ya kijivu au ina mabonge ya grisi, sili ilishapitisha, kwenda na kurudi.

Toa gurudumu, kisha kalipa. Usifungue bomba la breki. Fungua boliti mbili za kalipa na uining'inize kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hosi yake, hosi inaharibika ndani na huwezi kuona kwa nje.

Toa kofia ya habu na saklipu iliyo mwisho wa shafti. Nyumba ya habu imefungwa kwa stadi zenye koni ndogo za chuma, nazo hukwama. Legeza nati bila kuzitoa kabisa, kisha gonga nyumba pembeni kwa shaba. Koni zitaruka zenyewe. Ukizichokonoa kwa bisibisi utaharibu vitundu vyake. Nyoosha bati la kufuli, fungua nati ya nje, bati, nati ya ndani, na habu yote itatoka na diski yake.

Nyuma utaona stabu ekseli, ule mkono mfupi ambao habu huzunguka juu yake. Fungua nati zake, ugonge taratibu kwa shaba huku unaizungusha. Imeganda kwenye gasketi. Ikitoka, mchanganyiko wa ndani utamwagika, hivyo weka beseni mapema. Vuta shafti pamoja na CV yake, ukiipandisha kwa mkono ili isiburuzike chini.

Sasa tenganisha tairodi na mkono wa stelingi, ule uliofungwa kwenye nako. Usigonge nyuzi za endi. Chukua nyundo mbili, moja itulie upande mmoja wa jicho la mkono, nyingine igonge upande wa pili, pigo moja la nguvu. Endi inaruka.

Bado nako. Toa boliti ndogo za spana 10 zinazoshika pete ya nyuma ya tufe, kisha nati za kofia ya beringi na za mkono wa stelingi. Hapa pia kuna koni, na dawa yake ni ileile. Unapoinua kofia, chini yake kutakuwa na shimu, yaani vibati vyembamba sana. Shimu za juu funga kwa waya na uandike "juu", za chini uandike "chini", pamoja na upande wa gari. Usizichanganye wala usizitupe. Ndizo zinazoweka nako katikati ya tufe, na kiwandani ziliwekwa kwa kipimo.

Kusafisha na kukagua

Hapa ndipo pa kukaa. Kila kitu kioshwe kwa dizeli, kisha kikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Vikombe vya beringi za kingipini vilivyobaki ndani ya tufe vitazame kwenye mwanga: ukiona mistari iliyojipanga sambamba, kama alama za kucha, ndiyo ile niliyoieleza mwanzoni. Vitoe kwa patasi ya shaba ukigonga zamu kwa zamu pande zote, usivilazimishe upande mmoja. Vipya viweke kwenye friza usiku kucha. Vitaingia kwa urahisi zaidi. Vikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika, unakuwa mkavu.

Uso wa tufe usugue kwa msasa laini wenye mafuta. Kutu yenye vishimo itatafuna mpira mpya ndani ya msimu mmoja wa mvua.

CV ikaguliwe ikiwa safi na kavu. Ina mipira sita ya chuma inayotembea kwenye mifereji. Mifereji ikiwa na vishimo, au gari lilikuwa likilia tak-tak-tak ukikata usukani hadi mwisho huku magurudumu ya mbele nayo yakivuta, imechakaa upande unaobeba mzigo wa kwenda mbele. Mafundi wenye uzoefu huchukua kikombe cha kulia wakakipeleka kushoto na cha kushoto kulia, ili mzigo uangukie upande ambao haujaguswa. Ni njia halali na inaongeza maisha ya CV, mradi isiwe na ufa. Yenye ufa haihamishwi. Kumbuka kuwa vinavyohamishwa ni vikombe tu, kwani shafti za ndani hazina urefu mmoja.

Pitisha kucha mahali sili inapokaa juu ya shafti. Mfereji unaokwamisha kucha utaipitisha oili hata ukiweka sili mpya, na hapo shafti ndiyo ya kubadilishwa.

Kagua pia stadi za mkono wa stelingi. Iliyolegea au yenye nyuzi zilizovutika, toa na uweke mpya. Mkono huu ukichomoka barabarani, usukani unabaki mkononi mwako bila gurudumu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kipumulio cha difu. Kikiziba kwa tope, hewa ndani ya ekseli inapopata joto inatanuka na kutafuta njia, na njia iliyo dhaifu kuliko zote ni ile sili ya ndani. Kifungue, ukioshe, ukipulize. Watu wamebadilisha sili mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Mizani

Paka grisi beringi mpya za kingipini, rudisha nako kwenye tufe bila shafti, bila sili za nyuma, bila chochote kinachosugua. Weka shimu zilezile mahali pake. Kaza nati za kofia na za mkono kwa toki ya kitabu cha gari lako, halafu geuza nako kushoto na kulia mara kadhaa ili rola zikae.

Sasa weka ndoano ya mizani kwenye tundu la mkono linaloingia tairodi endi, na uvute kwa pembe mraba na mkono huo, polepole. Namba ya kuanza kusogea usiisome. Soma ile inayokaa nako ikiwa inatembea. Inatakiwa iwe karibu kilo 3 hadi 5; kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho.

Ikiwa namba ni ndogo, punguza shimu. Ikiwa kubwa, ongeza. Shimu hupatikana kwa unene wa milimita 0.1, 0.2, 0.5 na 1.0, na badiliko la 0.1 tu linaonekana kwenye mizani. Toa kiasi kilekile juu na chini ili nako isihame katikati, la sivyo sili itachunwa upande mmoja na shafti itakaa kombo. Baada ya kila badiliko kaza tena kwa toki, geuza tena, pima tena.

Mafundi wengi hupima hatua hii kwa mkono: "imekaza vizuri, twende." Mkono hautofautishi kilo 1 na kilo 3, ilhali tofauti hiyo ndiyo gari linalotikisika na lisilotikisika. Ukikaza kupita kiasi nako, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na dereva atachoka mabega kabla hajafika.

Kurudisha

Pigilia sili ya ndani kwa bomba lenye upana wake, iingie sawasawa, upande wenye springi ndogo ukielekea kwenye difu. Pakaa mdomo wake grisi. Jaza CV kwa grisi ya molibdenamu, uisukume kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, kisha ingiza shafti ukiishikilia juu. Ikigusa mdomo wa sili kwa meno yake, umeshaikata na hujui. Meno yakikataa kuingia kwenye difu, zungusha kidogo, usigonge.

Jaza nako grisi hadi robo tatu. Ikijaa kabisa haina pa kutanukia. Bushi ya shaba iliyo ndani ya stabu ekseli nayo ipate grisi, halafu funga stabu ekseli na gasketi mpya. Nyuma ya tufe kitambaa, mpira na pete ya chuma virudi kwa mpangilio uleule ulivyotoka, maungio yake yasikae chini pale maji yanapotuama.

Beringi za gurudumu zinafungwa baada ya kusukumiwa grisi kati ya rola, sio kupakwa juu tu. Weka habu, nati ya ndani, ukaze hadi Nm 60 huku unazungusha habu ili rola zikae. Legeza mpaka nati igeuke kwa mkono, kisha kaza tena taratibu. Mizani inarudi kazini: ndoano kwenye stadi ya gurudumu, vuta, habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Weka bati jipya, nati ya nje, uikaze, kisha pima mara nyingine kwa sababu nati ya nje husukuma ya ndani. Kunja bati upande mmoja kwenye kila nati.

Ukirudisha saklipu ya mwisho wa shafti na haifiki kwenye mfereji wake, funga boliti ya M8 kwenye tundu lililo mwisho wa shafti, uvute nje. Itakaa.

Springi

Bushi za springi ni kazi ya nguvu kuliko akili. Chesisi ikae kwenye stendi, ekseli kwenye jeki, ushushe hadi springi zipumzike. Pini zilizoganda zipe mafuta ya kupenya tangu usiku uliotangulia. Bushi za mpira zifungwe kavu au kwa maji ya sabuni. Grisi ya petroli huzilainisha mpaka zinaoza. Nati za pini na shakeli usizikaze hadi mwisho gari likiwa juu. Lishushe, likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze. Ukizikaza juu, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika.

Yubolti zilizowahi kukazwa mara nyingi zimeshavutika, weka mpya. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

Wenye shakeli ndefu za kuinulia gari waelewe kuwa zinaigeuza ekseli, kasta (mlalo wa nako kwenda nyuma) inabadilika, na usukani unaweza kuwa mwepesi kupindukia usiotaka kurudi. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha hilo. Shakeli za kawaida hurekebisha hilo bure.

Fimbo za stelingi na kunyoosha

Funga tairodi endi mpya kwa idadi ya nyuzi iliyo sawa pande zote mbili, spliti pini mpya, kamwe usirudie ya zamani. Nati ikipita tundu la pini, kaza mbele hadi tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Draglinki ikiwa ni ya aina yenye plagi ndani, toa springi na vikombe vyake, osha, badilisha vilivyoliwa, kaza plagi mpaka mwisho kisha irudishe zaidi kidogo ya mzunguko mmoja hadi pini iingie.

Boksi ya stelingi ishughulikiwe mwisho, na kwa adabu. Ile skrubu ya juu yenye nati ya kufuli irekebishwe magurudumu yakiwa yamenyooka, robo mzunguko kwa mara moja, kisha uzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiisikia inabana mahali popote, rudisha. Skrubu hiyo ndiyo inayotumika kuficha endi zilizokufa, na matokeo yake ni boksi iliyotafunwa.

Mwelekeo wa magurudumu unaweza kuupima mwenyewe. Chora alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwenye kimo cha habu, na upime umbali kati yake. Sukuma gari mbele nusu mzunguko wa tairi mpaka alama zilezile zije mbele kwa kimo kilekile. Pima tena. Kwa tairi za radial, kipimo cha mbele kiwe kidogo kwa milimita 1 hadi 2. Zungusha bomba la tairodi, sukuma gari upya, pima upya. Usirudishe gari nyuma katikati ya kipimo, plei iliyobaki itakudanganya. Ukimaliza, kaza klempu za bomba. Kama usukani haukukaa katikati, urefu wa draglinki ndio unaorekebisha hilo. Kung'oa usukani na kuuvika upya ni kujidanganya, kwa kuwa boksi haitakuwa katikati.

Boliti za kuzuia nako isipite mwisho, zile fupi zenye nati, usiziguse. Zikipunguzwa ili gari likate kona zaidi, CV inavunjika kwenye mchanga.

Barabarani

Jaza oili ya difu hadi mdomo wa plagi. Pampu breki kabla ya kuondoka, kwa sababu umesogeza kalipa na pedi zimerudi nyuma. Anza na kilomita chache kwa mwendo mdogo, simama, weka mkono juu ya kila habu. Vuguvugu ni sawa. Isiyoshikika imekazwa mno, irudi kwenye stendi sasa hivi.

Kisha, dampa ikiwa bado haijafungwa, tafuta kipande cha barabara ya vumbi chenye makunyanzi, pita kwa 40, kwa 60, kwa 70. Gari likitulia bila dampa, ifunge sasa, mpya au ile ya zamani kama haivuji. Likitikisika bado, na ulipima kila kitu kwa mizani, tazama tairi: balansi, rimu iliyopinda, au tairi lililovimba ndani.

Baada ya kilomita 500 rudi na spana: yubolti, pini za springi, stadi za mkono wa stelingi, nati za kofia za nako. Ufungue pia plagi ndogo iliyo juu ya nako, uingize waya safi. Ukitoka na grisi nzito, funga. Ukitoka na oili nyepesi inayodondoka, sili ya ndani ya upande huo ilikatwa na shafti siku ulipoiingiza, na upande huo mmoja unarudiwa.